Shukrani Iliyosomwa Misa ya Pili

Ilala, Dar es Salaam
11 Mei 2025

Kaka yangu Augustino,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba mwili umeshakubali baridi ya huko Ruvuma. Sisi hapa hatujambo. Shangazi Selina anakusalimu sana. Goti lake la kushoto linamsumbua akiinuka asubuhi, ila ukimuuliza anakwambia lile la kulia ni zima. Bi Shamsa, mwenye nyumba wetu, naye anakusalimu ingawa hakujui, kwa sababu amenikuta uani na kalamu. Aliuliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Nikamweleza kwamba ukiwa novisi, mtawa anayejifunza, huruhusiwi kuwa na simu. Akasema, "Huo utawa au jela?" Usikasirike, ni mtu wa utani.

Tangu nimalize kidato cha nne nakwenda na Shangazi sokoni Mchikichini kila siku. Anauza mitumba ya watoto. Kazi yangu ni kukunja na kupanga, maana kuita wateja nimeshindwa. Nikijaribu, sauti inaishia kooni. Abdulkadiri, anayetusukumia mabelo ya nguo kwa mkokoteni, husimama akanitazama na kusema, "Dada, hizo nguo unaziuza au unaziombea?"

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Majina ya kidato cha tano yanatoka mwezi ujao. Najua daraja la tatu si kubwa, lakini wapo wanaochaguliwa nalo, na mimi sina wasiwasi. Nimesali novena mara tatu, siku tisa tisa, bila kuruka hata siku moja. Nimefunga kila Ijumaa. Nipo kwaya tangu kidato cha kwanza na sijakosa zoezi isipokuwa nilipougua malaria. Jumapili nafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu. Sitaki kujisifu, Kaka, lakini nikiwatazama wenzangu wa kwaya sioni aliyefanya hivyo. Jacqueline, tunayekaa naye benchi moja, anachelewa mazoezi na anacheka wakati wa sala. Mimi nimefanya sehemu yangu yote. Iliyobaki ni sehemu ya Mungu, na Mungu si mwongo.

Kwa hiyo nimekwenda ofisi ya parokia nikaandikisha nia ya misa, isomwe mbele ya waumini. Ni ya Jumapili tarehe 15 Juni, misa ya pili: namshukuru Mungu kwa kuchaguliwa kidato cha tano. Karani aliuliza kama majina yameshatoka. Nikamwambia bado, nashukuru kwa imani. Alinitazama kidogo, kisha akaandika.

Shangazi sijamwambia. Nataka aisikie siku hiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
Otilia


Nyumba ya Unovisi, Ruvuma
26 Mei 2025

Mdogo wangu Otilia,

Marahaba. Barua yako ilipanda basi la Songea, ikalala kwa wakala siku nne, ikaletwa na gari la mbao, lakini imefika. Mwambie Bi Shamsa kwamba jela wanalala kuliko sisi. Kengele inalia saa kumi na moja kasoro robo, na maji ya kunawa yanauma kama upupu.

Mama alikuja kunitembelea Jumapili iliyopita. Kahawa imeanza kuiva na Baba ameshapata vibarua wawili. Mama alinitazama mikono akauliza ninafanya kazi gani. Nimemwambia nimepangiwa kazi muhimu ya monasteri, na wewe nakwambia hivyo hivyo. Tuishie hapo.

Kuhusu nia yako, sijui nikuambie nini. Nilipoisoma nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Wewe ambaye hukuweza kumwambia mwalimu wa darasa la sita kwamba ameandika jina lako vibaya, leo umemwandikia Mungu tarehe na saa ya misa. Nakuonea fahari kwa ujasiri huo. Ila nenda ofisini useme isogezwe mbele wiki mbili tatu. Haina ubaya, hata harusi husogezwa.

Nakuombea. Msalimie Shangazi, umwambie asiinue mabelo mwenyewe.

Kaka yako,
Augustino


Ilala
17 Juni 2025

Kaka Augustino,

Shikamoo. Natumaini wewe na wenzako mu wazima. Sisi tunaendelea vizuri, asante Mungu. Dar imepoa kidogo, usiku tunajifunika shuka. Mtoto wa mpangaji wa chumba cha nne ameota meno mawili, na Bi Shamsa amepaka ukumbi chokaa.

Wiki iliyopita Shangazi alifungua belo jipya. Wenzake walikusanyika kama kawaida kuona limetoka nini, maana belo unalinunua limefungwa, hujui ndani mna nini mpaka ukate kamba. Lilikuwa baya. Masweta mazito ya baridi, soksi zisizo na wenzake, magauni yaliyofubaa. Wa kibanda jirani aliguna akasema, "Selina, hapa umepigwa." Shangazi alichambua mpaka chini akapata magauni saba mazima. Akayaweka pembeni, akasema, "Asante kwa haya saba," akanituma sindano. Moyoni nilimkasirikia. Anashukuru nini?

Jacqueline amechaguliwa. Anakwenda Tabora.

Watu wa jumuiya wameanza kuniletea vitu. Mama Kandida, kiongozi wetu, ameleta ndoo.

Barua yako ya mwezi uliopita ilinifikia tarehe 9. Nilikwenda ofisi ya parokia mara mbili. Mara ya kwanza palikuwa na watu wengi kwenye benchi, wakanitazama, nikageuka. Mara ya pili palikuwa pamefungwa.

Naomba usiniulize habari za shule kwa sasa.

Mdogo wako,
Otilia


Nyumba ya Unovisi, Ruvuma
28 Juni 2025

Oti,

Marahaba, na salamu zote za nyumbani uzichukue kama zimeandikwa, maana leo sina subira nazo.

Mama alikuja tena juzi. Alikuja na kuku. Shangazi amempigia simu akamwambia jina lako limesomwa kanisani, umechaguliwa, na Mama Kandida alikwenda mpaka sokoni akapiga vigelegele katikati ya mitumba. Mama amewaambia watu wa kijiji kizima. Nikamwuliza, "Shule gani?" Akasema Shangazi amekuuliza nawe umetabasamu tu. "Unamjua Otilia," akasema, "ana haya."

Mimi namjua Otilia. Barua yako ina soksi, meno ya mtoto na chokaa ya Bi Shamsa, na haina jina la shule. Jina lako halimo. Sivyo?

Siwezi kukugombeza, kwa sababu na mimi nimewadanganya. Sasa soma pole pole, na usisome kwa sauti uani kwenu, kwa heshima ya Bi Shamsa. Kazi muhimu niliyopangiwa ni nguruwe. Wako arobaini na mmoja. Naamka, nasali, nasukuma toroli la maganda kutoka jikoni, nasafisha zizi, nasali, narudi zizini. Mimi, niliyepata daraja la kwanza kidato cha sita. Nilipoingia hapa nilidhani monasteri imepata bahati kunipata. Nilishajiona nimepelekwa kusomea udaktari, nimevaa koti jeupe juu ya kanzu. Mwezi wa pili nilimwendea mlezi wetu nikamwuliza, "Padre, lini nitapangiwa kazi yangu?" Akajibu, "Ile pale," akaonyesha zizi kwa kalamu, akaendelea kuandika.

Nimekaa na hasira hiyo miezi mitano. Nilihesabu yote niliyoacha kwa ajili ya Mungu, nikaona amenilipa nguruwe.

Ninayefanya naye kazi anaitwa Bruda Gallus. Hajui kusoma vizuri, na miaka thelathini na minne amefanya kazi hii moja. Kila tukichukua maganda anaingiza kichwa jikoni anawaambia wapishi, "Asanteni kwa maganda." Kila siku, Oti. Mwanzoni niliona ni akili ndogo. Wiki iliyopita toroli lilipinduka, nikajikuta nimekaa kwenye tope nalia kama mtoto. Akaja, akaokota maganda pamoja nami. Tulipomaliza akasema, "Asante, Augustino. Zamani nilikuwa nayaokota peke yangu." Sijui nikueleze vipi. Miezi mitano yote mtu huyu alikuwa akiniona mimi kama zawadi, na mimi nilikuwa nikimwona yeye kama adhabu.

Sina la kukufundisha. Ila waambie, mdogo wangu. Waambie kabla hawajakusindikiza stendi.

Kaka yako,
Augustino


Ilala
9 Julai 2025

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisomea msalani, ndipo mahali pekee penye komeo. Habari za nguruwe ziko salama kwangu.

Ndiyo, jina halimo. Nililitafuta kwenye duka la steshenari Kariakoo, kijana wa pale akaniandikia namba yangu mara tatu. Akasema, "Dada, hapa hutoki hata tukilala." Nililipa nikatoka. Nilitembea mpaka Ilala nikiwa na hasira, Kaka, si huzuni. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia Jacqueline hakufunga hata Ijumaa moja.

Halafu ikaja Jumapili ile. Msomaji alisimama akasoma, "Otilia Ndunguru wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika anamshukuru Mungu kwa kuchaguliwa kujiunga na kidato cha tano." Nilitaka sakafu inimeze. Shangazi alikuwa amesali misa ya kwanza ili awahi sokoni, hakuwepo. Mlangoni watu walinishika mikono, na mimi nilitabasamu kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Nilipofika sokoni nilimkuta Shangazi ameshapata habari, analia kwa furaha. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana.

Nilisoma barua yako nikaamua nitamwambia Shangazi Ijumaa. Ijumaa nikaogopa. Jumamosi sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Kando ya kisima walipanga vitu vyangu: godoro limefungwa kamba, ndoo mbili, jembe, fagio la chelewa, shuka za bluu, na tranka la bati la kijani. Baada ya sala akaja Mzee Zakayo. Ndiye anayeandika vibao vya maduka Kariakoo, na tranka alikuwa ameshaliandika jina langu kwa rangi nyeupe, herufi zimenyooka kama za serikali. Chini ya jina aliacha nafasi. Akachuchumaa, akachovya brashi.

"Haya, msomi, shule gani? Nitajie yote, nipime. Jina refu likinikuta katikati ya njia nitaharibu mfuniko."

Nikaitazama brashi.

"Mwambie mzee, rangi inakauka," alisema Mama Kandida.

"Anaona haya," Shangazi akasema. "Oti, sema, mwanangu."

Nikasema, "Hakuna shule."

"Hakuna nini?" Mzee Zakayo akatega sikio.

"Sijachaguliwa. Ile nia niliandikisha kabla majina hayajatoka. Nilidhani Mungu hawezi kukataa."

Tone la rangi lilidondoka juu ya mfuniko, akalifuta kwa kidole gumba. Kisha mama mmoja akasema, "Lakini tulisikia kwa masikio yetu!" Mwingine akamjibu, "Ulisikia shukrani, hukusikia shule." Mama Kandida akajishika kiuno. "Kwa hiyo vigelegele vyangu vyote vile, soko zima, mpaka koo likakauka?" Mtu akacheka, akajizuia.

Bi Shamsa alitoka ukumbini na khanga begani. "Mbona nyuso hizo? Kuna msiba?"

"Otilia hajachaguliwa shule," akaambiwa.

"Kuchaguliwa, kuchaguliwa," akasema. "Kwani yeye nyanya?"

Hapo wakacheka wote, hata Mzee Zakayo, na mimi nikaanza kulia. Nilichukua ndoo nikamrudishia Mama Kandida. Akaweka mikono nyuma.

"Hiyo ndoo nilimpa mtoto wa jumuiya yangu," akasema. "Wewe umeacha kuwa?"

"Hapana, mama, lakini nilidanganya."

"Umedanganya, na utatubu kwa padre. Ndoo haihusiki."

Nikamgeukia aliyeleta godoro, akatazama pembeni. Mmoja, sitamtaja, alichukua shuka zake akaondoka bila kuaga, na ana haki. Wengine wote waliacha vitu pale pale. Mzee Zakayo alifunika kopo lake akasema rangi ya jina ni nzuri, itakaa miaka kumi.

Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, sina shule, sina uso, nimewadanganya watu wiki tatu, na wao wamenipa. Siku zote nilikuwa nikimpelekea Mungu novena zangu kama mtu anayepeleka fomu dirishani na kusubiri mhuri. Asubuhi ile sikuwa na fomu yoyote, na mikono yangu ilikuwa imejaa.

Tulikwenda sokoni na Shangazi. Alikunja, nikakunja. Mchana akauliza, "Umekula?"

"Nimeshiba."

"Kweli, au kwa imani?"

Nilicheka huku nalia. Akanipa nusu ya chapati yake. Ndipo akasema, akiwa anaweka kifungo kwenye gauni, hakunitazama: "Siku ile sikulia kwa ajili ya shule. Nililia kwa sababu nilidhani umeanza kushukuru."

Nilikwenda kulala nikijua nimemvunja moyo. Kaka, miaka mitano nalala chumba kimoja naye. Kila asubuhi anakaa ukingoni mwa kitanda, anasugua goti, anasali kwa sauti ya chini, na mimi hujifunika nikisubiri amalize ili nianze zangu. Jumapili nilisikiliza kwa mara ya kwanza. Haombi kitu. Alisema asante kwa Abdulkadiri aliyelishusha belo bila kuitwa. Asante kwa Bi Shamsa na utani wake. Asante kwa goti la kulia. Kisha akasema, "Asante kwa Otilia." Hakuongeza neno, akaendelea na mwingine. Nilivyosikia lilivyotoka, halikuwa neno jipya. Ni neno alilokuwa akilisema kila siku, pamoja na siku zote nilizokuwa nimejifunika.

Jumatatu nilikwenda kuungama. Mama nimempigia. Nilipomweleza, aliuliza kama nakula vizuri.

Mdogo wako,
Otilia


Nyumba ya Unovisi, Ruvuma
24 Julai 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa wote wazima. Nguruwe sasa ni hamsini na wawili, jike moja limezaa usiku wa baridi na nilikuwepo, jambo ambalo daktari yeyote angejivunia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimemsomea na Bruda Gallus tukiwa tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Nilipofika pale Mama Kandida alipoweka mikono nyuma, Bruda alivua kofia. Nilipomaliza akasema, "Mwambie asante kwa barua." Basi, nakwambia.

Kuna jambo nilikuficha. Nilipokuandikia mwezi uliopita nilikuwa nimeshafunga begi. Nilitaka kurudi nyumbani, kwa hasira, si kwa sababu sina wito. Nilisema nitasubiri tu jibu lako, nione kama utaweza. Sikutegemea ungeweza. Unisamehe kwa hilo. Umesimama mbele ya ua mzima ukasema, nawe ndiye uliyekuwa ukijificha nyuma ya mlango wageni wakija. Mimi sikuweza kumwambia mama yangu mzazi neno "nguruwe." Sasa nimemwandikia.

Begi nimelifungua. Udaktari bado nautaka, sitakudanganya. Ila nimeacha kumwuliza mlezi lini.

Kaka yako anayekuheshimu,
Augustino


Ilala
24 Agosti 2025

Kaka Augustino,

Shikamoo. Shangazi anakusalimu. Mama amesema barua yako ameipata, amecheka mpaka akaketi, na anauliza kama Krismasi monasteri inaweza kutoa mguu mmoja. Baba hajambo. Sikujua kuhusu begi. Niliposoma hapo niliacha kukunja nguo kwa muda.

Nakwambia habari ya tranka. Katikati ya Julai Jacqueline alikuwa bado hajaenda Tabora. Nilimkuta nje ya kanisa, akaniambia kwa mzaha kwamba anangoja helikopta. Kumbe hana kitu. Mama yake anauza uji asubuhi peke yake, na baba hajulikani alipo. Nilirudi nyumbani nikaona vitu vyote vimepangwa chini ya kitanda. Nitakwambia ukweli: sikutaka. Siku tatu nilijiambia havinihusu. Siku ya nne nilimfuata Mama Kandida, na yeye akasema, "Mimi nilikuwa nakungoja wewe useme."

Tuliwauliza waliotoa, wakakubali. Mzee Zakayo alikuja kufuta jina langu kwa rangi ya kijani na kuandika la Jacqueline. Mimi nilimshikia kopo. Nilidhani nitalia, lakini Mzee alilalamika sana kuhusu urefu wa jina hilo, akasema wazazi wa siku hizi hawawafikirii waandishi, mpaka nikasahau. Usiku ndipo nililia kidogo. Shuka zililetwa tena na yule mama niliyesema sitamtaja. Aliziweka mlangoni zikiwa zimepigwa pasi.

Jacqueline aliniuliza, "Oti, nitakulipa nini?" Nikamwambia huko aendako asicheke wakati wa sala. Akacheka.

Mimi nitarudia masomo mawili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shangazi ameniruhusu kwenda masomo ya jioni mara tatu kwa wiki. Namwomba Mungu nifaulu, naomba sana, lakini nimejifunza kunyamaza baada ya kuomba. Sijui kama nitafaulu. Asubuhi tunasali pamoja sasa. Najaribu kusema asante tatu kabla ya ombi moja, na siku nyingine nafika mbili tu nakwama, nasikia aibu, Shangazi ananisubiri.

Jana jumuiya ilikuwa kwa Mzee Zakayo, nyumba ya nyuma ya soko la Kariakoo, vibao vimeegemea kila ukuta. Mama Kandida alisema kama kawaida, "Shukrani kwanza." Siku zote mimi husema namshukuru Mungu kwa uhai, kwa haraka, ili zamu ipite. Jana ilipofika kwangu nilisimama. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa Shangazi Selina. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemlazimisha. Amenilisha, amenisomesha, amelala upande wa ukutani kwenye joto ili mimi nipate upande wa dirisha. Sikuwahi kusema."

Nikakaa. Nilimtazama Shangazi. Yeye anayemshukuru kila mtu, mpaka goti lake mwenyewe, alikuwa ameinama anavuta ukili uliochomoza kwenye mkeka. Akauvuta, akauvuta, mpaka Mama Kandida akamwambia, "Selina, utatufumulia mkeka."

Hakuacha kuuvuta, na hakuinua uso. Mzee Zakayo akaanzisha wimbo ili watu wasiendelee kumtazama.

Naishia hapo, Abdulkadiri amefika na belo na Shangazi anaitisha mkasi.

Mdogo wako akupendaye,
Otilia